Darubini ya Usiku ya Bei Nafuu: Nunua Mita Hamsini Zilizo Safi

Maboksi ya darubini za kidijitali za kuonea usiku hupenda kuandikwa mita 300, mita 500, na siku hizi hata zaidi. Namba hizo ndizo zinazomvuta mnunuzi, na ndizo zinazomfanya aichoke darubini yake mapema. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu karibu kila anayeniuliza kuhusu vifaa hivi, awe mpiga kambi, mtazama ndege au mtu anayependa tu kukaa nje baada ya magharibi, huanza na umbali: inaona mpaka wapi? Ushauri wangu wote umesimama juu ya jibu la swali hilo. Kwa fedha ambayo mtu wa kawaida yuko radhi kuitoa kwa ajili ya burudani, tuseme kati ya dola 80 na 200 za Kimarekani, unanunua mita hamsini nzuri, na pengine mia moja kama hewa ni kavu na mbele yako pako wazi. Ndani ya mita hizo usiku wa Afrika Mashariki una mengi, na mtu anayeikubali mipaka ya kifaa chake huyaona. Anayefukuzia mita 500 hutazama giza.

Ndani ya kifaa mna vitu vitatu vya msingi: kihisi cha kamera kinachofanana na kile cha simu yako, kioo kidogo cha kutazamia, na taa ya infraredi upande wa mbele. Jicho la binadamu hukomea kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 700 hivi, pale wekundu unapoishia. Silikoni ya kihisi huendelea kuona hadi karibu nanomita 1,100. Kwenye kamera ya kawaida huwekwa kichujio cha kuuzuia mwanga huo ili rangi za picha zisiharibike. Kwenye darubini ya usiku kichujio hakipo, au hujiondoa giza linapoingia. Taa ya infraredi ikiwashwa, mti uliokuwa kiza kitupu hutokea kwenye kioo, mweupe kwa mweusi.

Kwa maana hiyo, unaponunua darubini hii unanunua tochi kwanza. Na mwanga wa tochi hufifia haraka kadiri unavyokwenda mbali: kitu kilichoko umbali mara mbili hupata robo tu ya mwanga, na kilichoko mara nne hupata sehemu moja ya kumi na sita. Hakuna mtengenezaji anayeweza kuikwepa hesabu hiyo kwa bei ya dola mia. Mita 500 za kwenye boksi, mara nyingi, ni umbali ambao kitu kikubwa kinaweza kuonekana kama doa jeupe usiku wa mbalamwezi. Kugundua kwamba pale pana kitu ni kazi moja. Kujua kwamba ni swala, si mbuzi wa kijiji cha jirani, ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyokutoa nyumbani.

Wapo wanaokumbuka picha za kijani za filamu za vita na kudhani ndicho wanachokinunua. Vifaa vile vina mirija inayoukuza mwanga mdogo wa nyota mara maelfu. Mirija ya kizazi cha tatu huuzwa kwa maelfu ya dola, na ile ya Marekani iko chini ya sheria kali za kusafirisha silaha nje ya nchi hiyo. Kwa mpiga kambi, hiyo si bidhaa ya kuifikiria. Kamera za joto ni jambo jingine tena. Zenyewe hazihitaji mwanga wowote. Husoma joto linalotoka mwilini, na kwa kumgundua mnyama aliyejificha kichakani hazina mpinzani. Lakini bei za zile za kawaida huanzia mamia kadhaa ya dola, hazioni kupitia kioo cha dirisha la gari, na zile za bei ya chini humwonesha mnyama kama kivuli cheupe kisicho na sura. Ukitaka kuona komba anavyokunja masikio yake, au bundi anavyogeuza kichwa, kifaa cha kidijitali cha dola 150 kitakupa mengi kuliko kamera ya joto yenye bei mara tatu yake. Faida nyingine ni kwamba cha kidijitali hutumika hata mchana, hurekodi video, na hakiharibiki gari likikumulika ghafla.

Kuna pia daraja la kati. Kampuni ya SiOnyx ya Marekani ilitoa kamera ya Aurora mwaka 2018, inayoonesha rangi chini ya mwanga wa mwezi, na Sony ina familia ya vihisi viitwavyo STARVIS vilivyobuniwa kwa ajili ya kamera za ulinzi zinazofanya kazi gizani. Aurora ni ya mamia ya dola, nami siipendekezi kwa anayeanza. Neno STARVIS, likiandikwa kwenye maelezo ya kifaa cha bei nafuu na muuzaji akaweza kukutajia namba ya kihisi chenyewe, ni dalili njema. Neno 4K peke yake si dalili ya chochote. Picha ya 4K halisi ina pikseli zaidi ya milioni nane. Vifaa vingi vya bei hii vina kihisi cha pikseli milioni mbili hivi, kisha programu huivuta picha ijaze ukubwa uliotangazwa. Uliza kihisi kina pikseli ngapi. Muuzaji asipojua, chukulia ni milioni mbili na ulipe kulingana na hilo.

Taa yenyewe huja kwa aina mbili, na hapa usiruhusu muuzaji akuchagulie. Ya nanomita 850 ina nguvu zaidi kwa sababu kihisi huiona vizuri, ila ukiitazama kwa mbele utaona wekundu hafifu kama kaa la moto linalozimika. Ya nanomita 940 haionekani kabisa, lakini kihisi huiona kwa shida, kwa hiyo umbali hupungua sana. Kwa mtu anayekaa kambini au kwenye baraza akitazama wanyama wa mbali kidogo, chukua 850. Kwa anayetaka kuwatazama viumbe waoga kwa karibu sana, kama panya wa msituni au ndege kiotani, 940 ina maana. Nikilazimika kuchagua moja tu ni 850, hasa yenye ngazi tatu au zaidi za ukali, maana ukali wote kwa kitu kilichoko mita kumi huifanya picha iwe nyeupe tupu. Aina yoyote utakayochukua, usiielekeze kwenye macho ya mtu aliye karibu, na usiichungulie mwenyewe kuona kama inawaka. Mboni haijikunji kwa mwanga isiouona, kwa hiyo jicho hubaki wazi likipokea nguvu yote.

Njia salama ya kuona kama taa inawaka ni simu yako. Washa kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha, elekeza taa kwenye simu, na utaona mwanga wa zambarau au mweupe kwenye skrini. Simu nyingi zinaweza, kwa sababu kichujio cha kamera ya mbele mara nyingi ni hafifu. Ijaribu kwanza na rimoti ya televisheni nyumbani. Jaribio hili lifanye dukani kabla ya kutoa hela. Kisha omba kuingia stoo au chumba kisicho na dirisha, waambie wazime taa, na utazame maandishi ya boksi lililowekwa mwisho wa chumba. Zungusha pete ya fokasi taratibu. Kama kifaa hakina pete ya fokasi ya mkono, kirudishe, hata kikiwa kizuri namna gani kwa sura. Tazama pia pembe za picha: duara jeupe katikati na giza pembeni maana yake taa ni nyembamba, na porini utakuwa ukitafuta wanyama kupitia tundu.

Ukuzaji nao una mtego. Kukuza kwa lenzi ni kukuza kweli; kukuza kwa dijitali ni kuikata picha na kuitanua, jambo unaloweza kulifanya nyumbani kwenye simu. Lenzi ya mara tatu hadi tano inatosha. Zaidi ya hapo mkono hutetemeka, uwanja wa kuona hubana, na mnyama akisogea hatua mbili unampoteza. Ukipata lenzi yenye namba ya tundu iliyo ndogo, mfano f/1.2 ikilinganishwa na f/2, hiyo ina thamani kuliko ukuzaji wowote, maana huingiza mwanga karibu mara tatu.

Sasa betri, mahali ambapo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Vifaa vingi hutumia betri ya lithiamu ya 18650, ile ndefu kuliko betri ya rimoti. Iliyo halisi hubeba takriban mAh 3,500 na haizidi hapo kwa kiasi kikubwa. Masoko yetu yamejaa zilizoandikwa 9,900, na hizo ni feki bila mjadala. Nyingi hazifiki hata theluthi ya namba yao. Nunua mbili za kampuni inayojulikana, kwa muuzaji anayekubali kuzirudisha. Kifaa chenye tundu la USB-C kinachoweza kufanya kazi kikiwa kimechomekwa kwenye pawabanki nakipa alama za ziada, kwa sababu taa ya infraredi ikiwa kwenye ukali wa juu hula betri kwa saa chache tu. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu hukaa kwenye begi la mkononi. Usiziweke kwenye mzigo wa chini.

Lakini kabla ya kununua chochote, jiulize utatazama nini. Hili ndilo linaloamua kila kitu, na ndilo watu hulifikiria mwisho.

Pwani, jibu la kwanza ni komba. Yuko kwenye minazi na miembe ya vijiji vingi, anasifika kwa kupenda tembo la mnazi, na sauti yake kila mtu anaijua, ila wachache wamewahi kumtazama kwa dakika kumi mfululizo. Tochi nyeupe humfanya akimbie au agande. Chini ya infraredi huendelea na shughuli zake kana kwamba hupo, na macho yake, yenye utando wa nyuma unaorudisha mwanga, huwaka kwenye kioo kabla mwili haujaonekana. Utando huo wanao pia fisi, paka, swala, mamba na wengineo. Kwa hiyo mbinu ni ile ile kila mahali: piga mzunguko wa pole pole, tafuta nukta mbili zinazowaka, simama hapo, rekebisha fokasi. Usitarajie rangi ya macho ikusaidie kumtambua mnyama kama wafanyavyo waongozaji wenye tochi za kawaida, maana hapa kila kitu ni cheusi na cheupe. Utategemea urefu kutoka chini, nafasi kati ya macho, na mwendo.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, una bundi mdogo wa Sokoke ambaye nje ya hapo hujulikana sehemu chache tu, ikiwemo misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Ni ndege wa urefu usiozidi kiganja na vidole vyake, na humtaki kwa mita 500. Unamtaka kwa mita kumi na tano, ukiwa na mwongozaji wa msitu ule, kwa sababu mna tembo pia. Kidike, Pemba, popo wakubwa wa kisiwa hicho huondoka mitini jioni, na kifaa kinaanza kuwa na faida pale macho yanaposhindwa kuwafuata. Naivasha, viboko hutoka ziwani kuja kula nyasi, wakati mwingine mbele kabisa ya hema. Hapo darubini ni ya kutazamia ukiwa nyuma ya uzio au ndani ya gari.

Kuhusu kasa wanaopanda kutaga katika fukwe kama za Mafia, Watamu na Saadani, nina msimamo mkali zaidi. Mwanga mweupe humrudisha mama baharini kabla hajataga na huwapoteza vifaranga njia, kwa hiyo kifaa cha infraredi kina nafasi ya kweli pale. Lakini kina nafasi mkononi mwa mtu aliyeandamana na walinzi wa viota wa eneo hilo, anayekaa nyuma ya kasa, kimya, na aliyekizima au kukifunika kioo chake, kwani kioo chenyewe humulika uso na mchanga. Ukienda peke yako na darubini mpya ufukweni usiku, hata nia ikiwa njema, unafanya fujo.

Hifadhi zina taratibu zake. Ndani ya hifadhi za taifa za Kenya kwa kawaida huruhusiwi kuzunguka na gari usiku. Safari za usiku hufanyika kwenye hifadhi binafsi na za jamii, Ol Pejeta ikiwa mojawapo. Tanzania zipo hifadhi zinazotoa safari za usiku kwa kibali na askari, zikiwemo Tarangire na Ziwa Manyara. Katika zote, darubini ya usiku mikononi mwa mgeni asiyejieleza humfanya askari afikirie ujangili, na ana haki ya kufikiria hivyo. Uwindaji wa burudani umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa. Kionyeshe kifaa langoni, eleza ni cha kutazamia tu, na kiwe hakina sehemu ya kufungia kwenye bunduki; modeli za namna hiyo zimejaa mtandaoni na hazina kazi kwa mpiga kambi. Ukiagiza kutoka nje, uliza forodha kwanza, kabla mzigo haujapanda ndege. Karibu na mipaka, kambi za jeshi na maeneo yenye operesheni za usalama, kiache nyumbani.

Namna ya kukitumia nayo inajifunzwa. Majani mabichi hurudisha karibu nusu ya mwanga wa infraredi wa taa yako unaoyagusa, ndiyo maana nyasi na matawi yaliyo mbele yako huonekana meupe kama chokaa na kuifunika kila picha iliyo nyuma. Wengi huishia hapo wakisema kifaa ni kibovu. Inuka, panda jiwe au paa la gari, sogea ukingoni mwa njia, hakikisha mita tano za kwanza mbele yako hazina hata jani. Ukungu ni adui mbaya zaidi: milimani kama Amani au Lushoto, mwanga hugonga matone na kukurudia, na hakuna kifaa cha infraredi kitakachoupenya. Vioo vya gari hurudisha taa vilevile. Shusha dirisha, au bandika lenzi kabisa kwenye kioo na uzime taa ya kifaa ukitegemea mbalamwezi.

Usitembee huku unachungulia. Kioo kimoja hakikupi hisia ya kina, picha huchelewa kidogo, na uwanja wa kuona ni mwembamba. Kifutu aliyelala katikati ya njia, mwili wake ukiwa na joto la ardhi ile ile, haonekani kirahisi kwa infraredi wala kwa kamera ya joto. Kwa miguu yako tumia tochi ya kichwani ya mwanga wa kawaida. Ukifika ulipokusudia, kaa, zima, subiri. Macho huhitaji dakika ishirini hadi thelathini kulizoea giza, na kuchungulia kioo chenye mwanga mkali hukurudisha mwanzo, kwa hiyo punguza mwangaza wa kioo mpaka kiwango cha chini na tumia jicho moja tu. Lile lingine libaki la usiku.

Na kuna watu ambao ningewaambia wasinunue. Mwenye ua mkubwa au shamba anayetaka kujua ni nani anayekula mihogo yake atafurahia zaidi kamera ya mtego, inayofungwa mtini na kujipiga yenyewe mnyama akipita. Bei yake ni ile ile au chini yake, nayo hukesha wewe ukiwa umelala. Anayependa nyota na mwezi kuliko wanyama achukue darubini ya kawaida ya 7x50: lenzi zake hupitisha mwanga wa kutosha kuijaza mboni iliyopanuka, haihitaji betri, na vijukuu wataitumia. Hata mtazama wanyama, kwa usiku wa mwezi mpevu kwenye uwanda ulio wazi, ataona kwa 7x50 mbali kuliko kwa kifaa chochote cha dola 150.

Ukishanunua, hewa ya pwani ndiyo itakayokiua. Chumvi na unyevu huingia kwenye tundu la chaji na kwenye pete ya fokasi, na umande wa alfajiri huganda nyuma ya lenzi. Tafuta chenye kiwango cha kuzuia vumbi na maji cha IP65 au zaidi kama bajeti inaruhusu. Baada ya kila safari kifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo, kikaushe kivulini, toa betri, na ukihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Betri iache ikiwa na nusu ya chaji. Iliyojaa hadi juu, ikikaa kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa kwa miezi, huchakaa hata bila kutumika.

Fedha ikibaki au ikipatikana baadaye, nunua taa ya infraredi ya pembeni yenye lenzi ya kuukusanya mwanga, na stendi ya miguu mitatu ya kamera. Taa hiyo huwekwa mita moja au mbili kando ya kifaa. Hapo mwanga unaogonga vumbi na wadudu haurudi moja kwa moja kwenye lenzi, na zile mita hamsini mara nyingi huwa themanini bila kubadilisha darubini.